Ramani ya Mjomba Kasimiri, Masika 2001

Jumatatu, 5 Machi 2001

Bahasha imefika! Wiki saba kutoka kwa Profesa Moberg, msimamizi wangu huko ng'ambo, hadi sanduku letu la posta hapa Morogoro, kona moja imelowa, lakini picha ni nzima. Nimeifungua ofisini mlango umefungwa, nisije nikaulizwa maswali.

Ni picha ya eksirei iliyopigwa na setilaiti mwaka jana. Gesi ya moto imelizunguka kundi zima la galaksi, na katikati yake ipo galaksi yangu, ile niliyoipima kwa darubini ya redio mwaka tisini na tatu nilipokuwa masomoni kwao. Ndani ya gesi kuna mapengo mawili meusi. Nimeyahesabu mara tatu, moja, mbili, kama mtoto wa chekechea.

Niandike wazi nisije nikajidanganya baadaye. Katikati ya galaksi ile kuna shimo jeusi linalomeza na kutema. Linachotema hutoka kwa mitiririko miwili, huku na huku, ikaishia kwenye mapovu mawili makubwa ambayo redio inayaona. Kama mapovu hayo ndiyo yaliyoisukuma gesi, basi nikiweka ramani yangu ya redio juu ya picha hii, kila povu litakaa ndani ya pengo lake. Hiyo ndiyo sura ya mwisho ya tasnifu yangu. Ikifika kwao kabla ya Ijumaa ya tarehe 15 Juni, nimekuwa daktari. Isipofika, barua yao imesema bila kuzunguka: jina linafutwa, na miaka tisa yangu inakwenda na maji.

Alhamisi, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Bati la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumamosi, 10 Machi

Tatizo ni ukubwa. Picha ya eksirei inajaa meza, ramani yangu ya redio ni ya kiganja tu, na ni hiyo hiyo moja. Kompyuta ya idara inajua kuandika barua, tena siku ikiamka vizuri. Nikamkumbuka Mjomba Kasimiri.

Ni mjomba kwa ukoo wa mama, wa Matombo kama sisi. Amechora ramani za ardhi za serikali miaka ishirini na tisa, mpaka walipokuja na orodha ya kupunguza watu na jina lake likawa la pili. Sasa anaandika mabango ya maduka. Mji umefumuka simu za mkononi, video na maduka ya dawa ya watu binafsi, na nusu ya mabango hayo ni mkono wake.

Nilimkuta barazani anamaliza herufi, mama mwenye duka la dawa amekaa kwenye kigoda anamngoja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Mwalimu wa nyota, leo umetukumbuka?"

Nilipomweleza akaingia ndani, akatoka na kifaa chake cha kukuzia ramani, kile cha mikono minne ya mbao, kimefungwa kwenye kanga. Alikinunua mwenyewe mwaka sabini na tatu. Unafuata mstari mdogo kwa ncha moja, kalamu ya upande wa pili inachora uleule kwa ukubwa unaotaka.

"Nataka kwenye karatasi angavu, mjomba, nipate kuilaza juu ya picha. Namba za pembeni usihangaike nazo. Mistari, alama ya katikati na mshale wa kaskazini, basi."

"Kaskazini peke yake?"

"Inatosha."

Aliitazama ramani kwa muda mrefu, akanitazama mimi, akamtazama yule mama wa dawa. Akaguna. "Haya. Nitakuwekea sawa."

Ijumaa, 16 Machi

Karatasi bado. Unyevu, anasema, wino unatambaa.

Jumatano, 21 Machi

Bado.

Jumatatu, 26 Machi

Bado! Leo nimepita na mwavuli uliovunjika, nimemkuta anachora mtungi wa gesi kwenye ukuta wa duka. Mtungi wa gesi! Mimi nina gesi ya kundi zima la galaksi inamngoja. Nikatabasamu kama mpwa mwenye adabu nikaenda zangu.

Jumamosi, 31 Machi

Ameimaliza, na ni nzuri kuliko ya mashine. Mistari myembamba, haikutetemeka hata mahali pamoja. Nilikaribia kumbusu yule mzee.

Nikaja nyumbani, nikafuta meza, nikalaza karatasi juu ya picha, alama ya katikati juu ya galaksi, kaskazini juu ya kaskazini.

Hailingani.

Siyo kwamba imepishana kidogo. Mapengo yako kaskazini-mashariki na kusini-magharibi. Mapovu yako kaskazini-magharibi na kusini-mashariki. Hayagusani hata kwa ncha. Nimechorewa msalaba.

Nimepima kwa rula, nimepima kwa uzi. Nimezima redio ya jirani kwa maneno makali. Kichwani mwangu nakumbuka povu kubwa lilielekea juu kushoto, lakini ni miaka minane, na karatasi inasema kulia. Madaftari ya wakati ule yaliliwa na mchwa, yote, wakaacha majalada. Sasa niamini nini, kichwa changu au karatasi? Mimi ni mwalimu. Nawafundisha watu kuamini karatasi.

Jumatano, 4 Aprili

Hailingani.

Jumatatu, 9 Aprili

Umeme umekatika siku ya tatu. Nimepiga hesabu upya kwa mkono. Hailingani. Nimesahihisha mitihani ya wanachuo hamsini na mbili kwa hasira, nawahurumia.

Ijumaa Kuu, 13 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kanisani padri alipotaja msalaba nikaona ule wangu. Mungu anisamehe.

Jumanne, 17 Aprili

Nimekwenda kwa Hidaya, aliyefungua duka la intaneti karibu na soko. Kompyuta nne, feni moja, na Hidaya mwenyewe akizibembeleza laini za simu kana kwamba zinasikia. "Leo imekasirika, Mwalimu, tuipe dakika." Tukaipa dakika arobaini.

Jibu la Profesa Moberg kwa swali langu lilikuwa fupi. Picha ya eksirei imekaguliwa na watu watatu, haina kosa. Kanda za redio za mwaka tisini na tatu hazisomeki tena. "Tazama ramani yako ya asili."

Ijumaa, 20 Aprili

Nimekwenda kutazama ramani yangu ya asili, niliyoiacha kwa mjomba. Wapi! Paa la mjomba lilianza kuvuja kabla ya Pasaka, akapakia sanduku lake la karatasi kwenye lori, likaenda kuhifadhiwa kwa dada yake Matombo. Na barabara ya Matombo imekatika. Daraja limeondoka.

"Nilifanya kwa usalama wake," akasema. "Ile karatasi ni roho yako."

"Mjomba, niambie kweli. Uliichora kama ilivyo?"

"Mpwa wangu, niliichora kama inavyotakiwa."

Alisema ameshika kofia kifuani. Nikaona aibu kumwuliza mzee swali la namna hiyo, nikabadilisha mazungumzo.

Jumapili, 22 Aprili

Barabara bado.

Alhamisi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, wenzangu wako viwanjani. Mimi nilikuwa nakoroga uji, na ule uji ukatoa povu pembeni ya sufuria, kisha jingine upande mwingine kabisa, la kwanza bado halijapasuka. Nikaacha mwiko.

Jamani! Kama mapengo ni ya zamani? Kama shimo jeusi lilitema kwanza upande ule, likanyamaza miaka milioni mia, likageuka, likatema upande huu? Basi mapengo ni makovu ya mitiririko ya zamani na mapovu ni ya sasa, na galaksi yangu imegeuka robo duara! Wengine wote wanaonyesha povu ndani ya pengo lake, mwendo ule ule. Yangu ni ya peke yake.

Uji umeungua. Nimeula hivyo hivyo.

Ijumaa, 11 Mei

Naandika. Ukurasa wa ishirini. Nikila naandika, umeme ukikatika naandika kwa kalamu.

Jumamosi, 19 Mei

Nimetuma! Hidaya amenunua mashine ya kunakilia picha kuingia kwenye kompyuta, kwa hiyo hata mchoro wa mjomba umekwenda. Ulichukua saa nzima kupita kwenye waya, Hidaya na mimi tumesimama tunautazama mstari wa bluu ukitambaa. Wiki nne kabla ya siku. Mimi, Filomena, ambaye siku zote huwa wa mwisho!

Ijumaa, 25 Mei

Profesa Moberg, mtu ambaye kwa miaka tisa hajawahi kuweka alama ya mshangao, ameweka mbili. Anaiingiza galaksi yangu kwenye mkutano wa Julai, jina langu likiwa la kwanza. Ernest, mkuu wa idara, ametununulia soda. Amesimama mbele ya wenzangu akasema, "Dunia itasikia Morogoro," na watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani kwa miguu kwenye matope yote yale na sikuyaona.

Jumamosi, 2 Juni

Nitaandika yote.

Nilikwenda kwa mjomba na sukari kilo mbili na kitenge cha mkewe, kumshukuru. Jua limetoka, barabara ya Matombo imefunguliwa, na sanduku lake limerudi. Tukakaa barazani.

"Bila mkono wako, mjomba, sura hii isingekuwepo," nikamwambia.

Alifurahi mpaka akaona haya. "Mkono si kitu. Kazi yenyewe ilikuwa na kosa, ila nikalirekebisha kimya kimya."

"Kosa gani?"

"Lile la mashariki. Hao waliokutengenezea waliweka mashariki kushoto! Mtoto wa darasa la nne anajua mashariki iko kulia. Na namba zao zilikuwa zinarudi nyuma, afadhali ulisema niziache. Basi nikaigeuza karatasi, nikaifuata kwa mgongo wake. Ikakaa sawa."

Nikamwomba ramani. Akafungua sanduku, akanipa. Povu kubwa juu kushoto, kama kichwa changu kilivyokuwa kikiniambia tangu Machi. Kamshale kadogo, na herufi ya mashariki kushoto, mahali pake, maana ramani za anga zote duniani huchorwa hivyo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Yule mama wa dawa alikuwa amekaa pale. Msomi wa ukoo mzima, nikuambie mbele za watu umekuja na ramani iliyogeuka? Nilikusitiri, mpwa wangu."

"Na nilipokuuliza mwezi wa nne?"

"Ulikuwa na huzuni. Nikaona nisikuongezee."

Nilimpigia kelele. Niandike hivyo hivyo: mimi nilimpigia kelele mjomba wangu barazani kwake. Nikamwambia ameniua. Nikamwambia nani alimwomba kufikiri. Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi, majirani wakasimama. Yeye akachukua kile kifaa chake akaanza kukifunga kwenye kanga, anakifunga, anakifungua, anakifunga tena.

Jumapili, 3 Juni

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 4 Juni

Hakuna anayejua. Hilo ndilo limekuwa likinizunguka kichwani siku nzima. Kanda hazisomeki. Madaftari yameliwa. Ramani ya asili iko kwenye mkoba wangu, na jikoni kuna moto. Galaksi iliyogeuka ingeniingiza kwenye mkutano, ingenipa cheti, ingempa Ernest hotuba nyingine.

Na mwakani mtu mwingine ataipima kwa redio mpya, ataona povu liko ndani ya pengo lake, na atauliza ni nani huyu Filomena wa Morogoro. Lakini hata asingekuja mtu! Mimi nitakuwa nimejua kila siku nikisimama ubaoni. Nimekasirika na mjomba, nimekasirika na mchwa, na zaidi nimekasirika na mimi, kwa sababu ni mimi niliyesema namba za pembeni asihangaike nazo. Namba zile zingenipigia kelele siku ya kwanza.

Jumatano, 6 Juni

Mjomba amekuja. Kwa miguu, kutoka kwake mpaka nyumba za walimu, kofia mkononi. Nilimpa shikamoo nikitazama pembeni, akaitikia. Alikataa kiti.

"Sijaja kuomba radhi kwanza. Nimekuja kuelewa. Miaka ishirini na tisa mashariki iko kulia. Kwa nini kwako iko kushoto?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Badala yake nikavuta benchi la baraza mpaka uani.

"Lala chali, mjomba. Kichwa huku, miguu ielekee mlimani."

Akaniangalia kama nimepata wazimu, akalala. Mzee wa miaka sitini na tatu, viatu vyake vina matope, Uluguru yote iko mbele ya vidole vyake. Nikamshikia ramani ya asili juu ya uso, kaskazini upande wa kichwa.

"Ramani ya ardhi unainama kuitazama. Hii unaitazama ukiwa chini yake. Sasa nionyeshe, Dar es Salaam iko wapi?"

Akanyoosha mkono wa kushoto. Akauacha hivyo hivyo hewani, anautazama mkono wake, anaitazama ramani, anautazama mkono.

"Loo," akasema taratibu. "Loo, Filomena."

Aliishika ramani mwenyewe, bado yuko chali. Kisha akasema, "Mimi nimechora ardhi tu. Hakuna siku mtu aliniambia nitazame juu." Na alipoinuka: "Waandikie ni mimi. Andika jina langu lote na la baba yangu. Wewe usiharibikiwe."

Nikampa maji ya kunywa.

Jumamosi, 9 Juni

Ameichora upya kwa siku mbili, hakugusa bango hata moja. Safari hii na namba zote za pembeni, zinazorudi nyuma. Tumeilaza pamoja mezani kwangu, yeye kashika kona mbili na mimi mbili.

Povu la kaskazini-mashariki limezama ndani ya pengo lake. La kusini-magharibi pia.

"Imekaa!" mjomba akapiga kelele, akapiga meza. "Imekaa, mwanangu!"

Imekaa, ndiyo. Imekaa kama ilivyokaa kwenye galaksi za wengine wote. Galaksi yangu haikugeuka, haina cha peke yake, inatema na kusukuma kama wenzake. Nilitaka kufurahi naye na nikashindwa. Nimelia kidogo nikisingizia moshi, na jiko lenyewe lilikuwa limezimika.

Jumatatu, 11 Juni

Nimeandika sura upya Jumapili yote, imebaki kurasa tisa. Kwa Hidaya laini imekatika mara mbili, mara ya pili ikiwa imebaki kidogo sana mchoro umalizike. Nilipiga mlango teke. Hidaya akanitazama. "Mwalimu, mlango haujakosa." Tukaanza tena.

Barua yenyewe ilikuwa mistari mitatu. Sura ya tarehe 19 Mei ifutwe. Ramani ya redio iligeuzwa mashariki kwa magharibi wakati wa kuikuza. Nilikaa nikitazama kialama kinachometa kwenye skrini baada ya nukta ile, jina la mjomba na la baba yake liko kwenye karatasi ndogo aliyoniandikia mwenyewe, kwa herufi zake nzuri za ramani.

Nikaandika: "Niliigeuza mimi." Nikatuma.

Jumanne, 12 Juni

Mvua kidogo asubuhi. Hakuna jibu.

Alhamisi, 14 Juni

Hakuna jibu. Ernest ameuliza nauli ya Julai iwekwe kwenye fungu lipi. Nikamwambia hakuna Julai, na sababu yake. Amefuta kitu kwenye daftari lake.

Ijumaa, 15 Juni

Jibu limekuja saa nne asubuhi. "Nimepokea. Imeingia kwa tarehe, na wasahihishaji wote watano wamepewa. Hotuba ya Julai nimeifuta. Nakiri nashangaa mtu wa uzoefu wako kugeuza ramani ya anga." Alama za mshangao hakuna.

Nimeisoma mara mbili na imeniuma mara mbili. Kisha nikaenda kwa mjomba.

Alikuwa barazani, anaandika bango la saluni, na yule mama wa dawa amekuja tena na kigoda chake. Safari hii anataka herufi zikolezwe.

"Shikamoo mjomba. Imeingia."

"Marahaba. Alhamdu... Mungu mkubwa," akasema, akachanganya dini zote za mji huu kwa furaha. Halafu akateremsha sauti. "Na mimi wamenisema nini?"

"Hawakujui. Nimeandika niliigeuza mwenyewe."

Brashi ikasimama. Mama wa dawa akatutazama, hajui ni nini lakini anajua ni kitu.

"Wamekusoma wangapi?"

"Watano."

Alitia brashi kwenye kopo, akafuta vidole kimoja kimoja, akasogea kwenye benchi nikapata mahali pa kukaa. Mkewe akaleta chai ya tangawizi, na hakunitazama vibaya.

"Ukileta nyingine," mjomba akasema, "nikiona kitu kimekaa vibaya, nitakuuliza."

"Hata mbele za watu?"

Akamtazama mama wa dawa, akanitazama mimi.

"Hata mbele za watu," akasema, akachukua brashi yake.